Skauti wa Mjomba

Dada yangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, mafua tu. Wewe je, mgongo umeacha kuuma? Na yule mwenzako wa chumba bado anakoroma? Mwandiko utanisamehe, shule nilikoishia unakujua.

Nakuandikia habari za huyu fundi friji anayetaka kukuoa. Mjomba alinituma nikamchunguze. Akasema mimi ndiye skauti wake, maana nikikaa mahali hata nzi hanioni. Skauti niliowajua mimi ni wale wa shule wenye skafu shingoni, na yule mzee anayezunguka viwanjani kusaka wachezaji. Kumbe na kuchungulia maisha ya mtu ni uskauti. Mtaani wangeniita mdaku.

Basi nikaenda karakanani kwa fundi kuomba kazi ya kufagia, akanichukua. Wiki tatu sasa. Mteja hamdanganyi, friji ikifa anasema imekufa. Halewi, hafoki, chai tunakunywa meza moja. Wiki ya pili akaanza kunifundisha kujaza gesi, akawa ananiita shemeji. Nikajua kashanishtukia, ila hakunifukuza.

Mjomba aliponiuliza nikasema mtu safi. Ndiyo hayo uliyoambiwa, na Jumamosi unatoa jibu.

Sasa dada, kuna kitu nilimficha mjomba. Kila Alhamisi anakuja mama mmoja mzee na mkongojo wake. Fundi akimwona tu, anajibanza stoo nyuma ya majokofu mabovu. Ni mama yake mzazi. Haombi kitu, anataka amwone tu. Na wa kumwambia hayupo ni mimi. Mara tatu nimemwambia. Alhamisi iliyopita alitazama chini pale mlangoni, fundi anapoacha viatu akivaa ndala, akaniambia, "Mwanangu, viatu vyake hivi hapa. Mwambie nimeviona."

Nilimwambia. Akaendelea kukaza skrubu.

Nani kamkosea mwenzake sijui, sikuuliza. Nilinyamaza kwa sababu kazi nimeipenda, na ni mtu wa kwanza kunifundisha kitu bila kunicheka. Lakini atakayeishi naye ni wewe. Muulize kabla ya Jumamosi. Akitaka kujua nani kakwambia, nitaje.

Wasalimie hapo kazini kwenu, na mgongo usiubebeshe ndoo.

Ni mimi mdogo wako,
Kimya