Leo Tunakula kwa Kushoto

Kamis mwanangu,

Daktari aliniambia jana: mkono wa kulia wa binti yako Shakirah hujikunja wenyewe kwa ugonjwa wa kurithi, si ukaidi. Nadhani ni wa marehemu baba yako, aliyemwaga chai maisha yake yote akilaumu kikombe.

Asubuhi ulimfokea, "Shetani ndiye hula kwa kushoto!" Mtoto akasusa. Basi na mimi nikala kwa kushoto, nikajipaka katogo, mchanganyiko wetu wa ndizi na utumbo, hadi puani, akacheka, akala. Mashetani tuko wawili. Mchana uwe wa tatu, akuone.

~~Shakirah aoshe vyombo.~~ Osha wewe, vikombe vizima vimebaki vitatu.

Naenda sokoni. Shakirah amelala sasa, na mkono wake umenyooka, nao umelala.

Mama yako, jaja wa Shakirah