Majibu ya Mama Kuhusu Kiwanda

4 Machi

Shikamoo Mjomba,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima. Nasoma historia na uchumi pamoja, kwa hiyo utafiti wa mwisho lazima uguse yote mawili. Nimechagua kiwanda cha nguo alichofanyia kazi Mama. Bei na mishahara nimeipata maktaba. Bado maneno ya Mama: siku kiwanda kilipofungwa ilikuwaje? Najua yeye haandiki. Muulize, uniandikie anavyosema. Bila hayo sina shahada.

Mpwa wako

19 Machi

Marahaba, Profesa wangu,

Sisi wazima kama chuma. Historia na uchumi kwa mpigo! Nimewatangazia wote kwa kinyozi kwamba utavaa majoho mawili, moja juu ya jingine. Mimi niliishia darasa la sita kwa sababu walimu waliishiwa cha kunifundisha.

Mama yako anasema: "Nilipanda juu ya mashine nikamwambia meneja, funga uone! Akatetemeka hadi miwani ikadondoka. Kaka yangu akaidaka kwa mkono mmoja." Neno kwa neno.

Mjomba wako asiye na mfano

2 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini mko salama. Mama hajawahi kupanda juu ya kitu mbele za watu. Na wewe wakati ule hukuwa unakaa nasi. Mjomba, Mama ana nini?

Mpwa wako

27 Mei

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nimechelewa. Mama yako alianguka jikoni mwezi wa pili. Tangu hapo hasemi. Anakula, anakaa kitini. Kabla ya hapo, alipokuwa na kauli, aliniapisha nisikubali ukatishe masomo kwa ajili yake. Basi nikakujibia mimi. Visa vyangu huwa vinapendwa, waulize watu.

Mjomba wako

11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Barua nimeipata. Silii, na nashangaa kwamba silii. Nimekwenda darasani, nimekula, nimefua. Mwalimu wa uchumi anasema takwimu zipo, wa historia anasema bila maneno ya mtu hapokei kazi. Majibu yako nimeyaondoa kwenye utafiti.

Ndani ya bahasha kuna sura ya kwanza. Msomee Mama. Niandikie anachofanya, hata kama hafanyi kitu. Usiongeze.

Mpwa wako

30 Juni

Mpwa wangu,

Tu wazima. Nilimsomea jana, polepole. Kwenye mishahara aliangalia dirishani. Nilipofika kwenye zamu ya asubuhi, mkono wa kushoto ukapanda. Vidole vikashika hewa, vikasokota, vikavuta. Nilidhani anataka maji. Hakutaka. Jirani aliyefanya naye kazi alikuwepo, akasema ndivyo walivyokuwa wakiunga uzi uliokatika huku mashine inakwenda.

Andika hivyo hivyo. Sijaongeza kitu. Nilipomaliza sura alikuwa bado anaunga, ikabidi nirudi ukurasa wa kwanza.

Mjomba wako