Macho ya Mkanda

3 Machi

Binti yangu,

Salamu tele. Mimi mzima, ila mgongo unanung'unika kwa kulala kifudifudi sakafuni. Wewe na masomo mnaelewana?

Picha ya wiki hii ya nyoka wako Mkanda hiyo hapo. Siku ya kwanza nilimpiga nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje. Leo lenzi ilikuwa shubiri moja kutoka puani mwake. Miaka ishirini na sita ya picha za pasipoti, sijapata mteja asiyepepesa macho kama huyu! Shangazi yako akipita dirishani huuliza, "Hajakumeza tu?" Namjibu bado tunafahamiana.

Hivi, ule ulimi wenye ncha mbili anaonja nini hewani?

Baba

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, baridi tu. Ulimi huokota harufu.

Picha zako ndizo ninazomchunguzia afya yake, hasa macho na ngozi. Sasa mbona Mkanda ametoka kama bibi harusi? Na mbona mkiani kila gamba linahesabika, usoni ukungu? Anakula?

Binti yako

14 Machi

Binti yangu,

Marahaba, ingawa naipokea kwa aibu. Natumaini baridi imepungua.

Mkanda hajagusa panya siku tisa. Macho yake yamekuwa meupe, kama maziwa yaliyotiwa maji. Nilidhani ni lenzi, nikaifuta mara tatu. Kisha nikafanya ninachowafanyia wateja wote: nikamsafisha macho kwenye kompyuta, nikamwondolea na mikunjo ya shingo. Mkono umezoea, mama. Nilishaituma ndipo nikakumbuka kwamba huyu haombi pasipoti.

Umeniachia kiumbe kimoja tu. Akifa nitakutazamaje? Hii hapa picha isiyoguswa. Niambie la kufanya.

Baba

15 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole kwa hofu. Hafi! Anataka kujivua gamba. Nyoka hana kope. Jicho lake lina gamba jembamba, nalo hutoka pamoja na ngozi. Mwekee beseni la maji, usimshike.

Ila nimezichapisha picha zako zote na kuzipanga mezani. Kila moja ukungu uko usoni. Wewe, uliyekuwa ukinirudisha nikapige upya kwa sababu ya unywele mmoja?

Na ile picha yako uliyonitumia mwaka mpya, nayo uliisafisha? Nitumie nyingine. Isiyoguswa.

Binti yako

2 Aprili

Binti yangu,

Habari za siku nyingi? Nimechelewa, wala si kosa la mtandao.

Mkanda amejivua! Ngozi nzima, mpaka vifuniko viwili vya macho, vyembamba kama ganda la kitunguu. Amekula panya wawili mfululizo. Picha hiyo ni kali kila mahali kwa sababu shangazi yako alinielekeza: "Mbele! Nyuma! Wewe mpiga picha gani?"

Ya pili nimepigwa mimi, na shangazi huyohuyo. Jicho la kulia, ninalolengea, utaliona lilivyo. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, atamtoa Alhamisi. Mwaka mzima nimekuwa nikilisafisha kwenye picha, nikidhani nakupunguzia mawazo. Nilimuuliza kama ukungu huo hauwezi kubanduka wenyewe kama gamba la Mkanda. Alicheka mpaka akavua miwani.

Shangazi amekubali kumlisha Mkanda siku mbili nitakazokuwa hospitali. Jana alifanya majaribio, akiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Baba