Hakimu Alimpa Nesi Mkono wa Kulia

Mpendwa mshauri Mama Rosina, nakuandikia manyoya ya kuku yakiwa bado kwenye nywele, na naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi nesi anarudi.

Mume wangu anaitwa Hakimu, ni mchinjaji wa kuku hapa sokoni Koboko, na ukimwuliza mtu yeyote atakuambia kisu chake hupita mara moja tu na kuku hapati hata nafasi ya kushangaa, Waislamu wanamletea, hata Wakristo wanaotarajia mgeni Mwislamu wanamletea, na mimi kazi yangu ni kunyonyoa. Sasa kwa zile habari za mafua ya ndege, watu wa afya walikuja kuchanja sisi wa kuku, watu wakajificha nyuma ya matenga, mimi pia, lakini Hakimu akasimama mbele, akakunja mkono wa shati, na nesi alipouliza mkono upi akampa wa kulia, kwa heshima, kwa sababu nesi ni mgeni na kwetu mgeni hapewi wa kushoto, na wachinjaji wengine walipoona aibu wakatoka wakamfuata, kila mmoja wa kulia kama yeye. Mama, siku hiyo nilijua nimeolewa na mtu.

Kesho yake mkono umevimba, mwili moto, kichwa kinamgonga, viungo vinauma. Akaenda kazini hivyo hivyo, akashika kisu, kisu kikatetemeka, akakiweka chini. Akasema, "Huyu kuku hakunikosea kitu, siwezi kumchinja mara mbili," akawarudisha wateja na kuku wao hai. Wenzake nao hivyo hivyo, soko lote halina mtu wa kuchinja, na kufika mchana kila mtu alikuwa anasema dawa hiyo inakula mkono wa kisu. Tongun, wakala wa malori ya kule mpakani Oraba, mteja wetu, akamwita mbele ya watu, "Wewe Hakimu, umeanza kutaga?" Hakimu akamjibu, "Nikitaga nitakuuzia. Wewe iko na shida ya mayai?" Watu wakacheka. Mkono ulipona baada ya siku mbili, lakini maneno hayajapona mpaka leo. Patricia anayeuza mayai naye alichanjwa, ila alikuwa amebeba mtoto mkono wa kulia, basi akaomba radhi akatoa wa kushoto, na kesho yake akaja na trei zake kichwani kama kawaida, kwa hiyo sasa wanasema dawa haishiki Wakristo.

Nesi alisema sindano ni mbili. Na Jumamosi ni harusi ya mdogo wangu Zuhurah, mchinjaji ni Hakimu. Mama yake Hakimu, haboba, yaani bibi wa watoto wangu, ananiambia, "Ukimwacha aende, harusi itakula maharage." Hakimu anasema hajawahi kuacha kazi nusu. Nimzuie? Na kama safari hii mkono hautarudi? Nyumba nzima inakula kwa mkono ule.

Shamim, Koboko

*

Shamim,

Kwanza toa hayo manyoya. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kujifurahisha tu.

Mimi si daktari. Elimu yangu ni zile karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, ambazo wengine hapa Arua hufungia njugu. Kwa hiyo kabla ya kukujibu nimemwuliza daktari, na yeye pia alicheka, kisha akaniambia mumeo ni mtu wa kuheshimiwa. Nami nasema hivyo.

Soko zima lilitazama na halikuona. Wachinjaji wote walitoa mkono wa kulia, basi mkono wa kulia ukauma. Patricia alitoa wa kushoto, na wa kushoto ulimwuma. Mwulize, hakuna aliyemwuliza. Dawa haijui msikiti wala kanisa. Inauma pale sindano ilipopita.

Kuvimba mahali pa sindano, homa, kichwa, viungo, uchovu: daktari aliyataja kabla sijamaliza kumsomea. Kwa kawaida huisha siku chache, kama yalivyoisha kwa Hakimu. Chanjo haikumpa mafua ya ndege, na hatataga. Tongun akitaka mayai aende kwa Patricia.

Lakini sitakudanganya kwamba hakuna la kuogopa. Mtu akichomwa kisha uso ukavimba, vipele vikatoka mwili mzima, au pumzi ikamshinda, hapo msimngoje haboba atoe maoni: hospitali, mara moja. Ni jambo la nadra, ila ndiyo sababu nesi huwaambia mkae kwanza kwenye benchi. Najua nyinyi watu wa soko hamkai. Kaeni. Na Hakimu amweleze nesi yote yaliyompata, na kama kuna chakula au dawa inayomdhuru.

Sasa wewe. Hakimu anakata mara moja, kuku anatoka mikononi mwake. Anayebaki naye ni wewe, uso ndani ya mvuke na manyoya, vidole ndani ya matumbo. Na wewe ndiye uliyejificha nyuma ya matenga! Unamsifu mumeo kwa kutoka mbele, halafu unataka kumvuta akajifiche na wewe. Haya ni mapenzi gani?

Mwambieni nesi habari ya harusi. Akisema sindano inaweza kungoja hadi Jumatatu bila kuharibu kitu, ngojeni. Akisema hapana, achomwe Alhamisi hiyo hiyo, mkono wa kushoto, na mwenzake mmoja awe tayari Jumamosi ikiwa homa itachelewa kushuka. Kama anaona vibaya kutoa wa kushoto, aombe radhi kama Patricia. Nesi hatakasirika, haji kusalimia, anakuja kuchoma. Haboba mpe kiti mahali atakapouona mkono ule ukifanya kazi.

Mtu aliyeweka kisu chini ili asimtese kuku, huku soko likimcheka, huyo hazuiwi mlangoni. Anafuatwa. Nesi akifika, simama nyuma yake kwenye mstari, mkono wa gauni umeshakunjwa.

Wa kushoto, Shamim.

Mama Rosina