Sinia la Watu Sita

Kariakoo, Septemba 1939

Ndugu yangu Ubeid,

Sisi wazima, na duka nililolianzisha bila msaada wako bado liko wazi. Unataka nimpeleke Nunu misheni kwa kuwa baba yake ni Mjerumani na vita vimeanza. Marehemu dada yetu alituachia mtoto, hakutuachia adui.

Juzi, harusini kwa Mwanamize, Nunu aliposogea kwenye sinia, watoto watano wakanyanyuka.

"Hatuli na Mdachi!"

Mama zao wakacheka. Akabaki peke yake mbele ya pilau ya watu sita.

"Mama mkubwa, nile?"

Nikavua viatu, nikaketi. Tukala.

Nunu haendi popote. Ukija siku ya Idi, sinia letu lina nafasi nne.

Dada yako aliyekulea,
Mauza