Tuta la Mama Lililoonekana Kutoka Angani

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Huku Talatala tu wazima, na bibi yako anaanika kakao.

Umeuliza picha za ramani yenu mzibane kwa JPEG, ambayo hupunguza uzito kwa kutupa vitu vidogo, au kwa njia isiyotupa kitu. Nilipokuwa karani kijana wa ardhi, nami nilikutana na swali hilo. Siku moja tulikuwa tuchore mipaka ya majaruba ya mpunga juu ya picha ya angani, mbele ya wenye mashamba, na mkuu wangu alitaka picha nyepesi. Nikafungua ya JPEG. Ilikuja upesi, nzuri kabisa. Mama yangu, mwenye jaruba mojawapo, akaikodolea macho.

“Bwana karani, tuta langu mmelilima?”

Watu wakacheka. JPEG ilikuwa imelitupa tuta lile la mpaka, na shamba lake na la jirani yalikuwa kitu kimoja.

Nikafungua picha ya asili, isiyobanwa. Ilijichora polepole mno, mpaka ukatokea mstari mwembamba kama uzi: tuta alilolipandisha kwa jembe lake. Hakuna aliyecheka tena.

“Kumbe hata kutoka huko juu linaonekana,” mama akanong’ona.

Picha ya kutazama, ibane upendavyo. Ya kuchorea mipaka, subiri ifunguke. Kuna mtu ameinama humo na jembe.

Ndaga, asante kwa kuniuliza.

Babu yako