Mkazi ni Aliyekaa

Mama Sekela,

Mimi wa miaka themanini, niliyewazika wenyeviti wote walionibishia hapo Isansa, nakusalimu kutoka Tunduma.

Jana wataalamu wa kupanga upya uwanja wa mjini walitaka kumwondoa Hamisi, muuza kahawa, wajenge maji ya kurukaruka. Wakasema, "Wakazi, toeni maoni." Nikanyoosha fimbo. Mtaalamu akanikatiza, "Babu, wewe mgeni, si mkazi." Nikakaa chini, juu ya mstari wa chokaa waliouchora pa kujenga. "Mkazi ni aliyekaa. Mimi si nimekaa?" Watu wakacheka, wakaja kukaa nami. Basi maji yao yamehamishiwa kule upande wa choo cha uwanja, Hamisi amebaki.

Jifunike vizuri, mke wangu, baridi isikuzoee. Ukidhani natia chumvi, muulize Hamisi. Ndiye aliyeninyanyua, maana hata magoti yangu yaligoma kuondoka.